Diski Chini ya Sombe

Baraka, Jumapili baada ya misa

Kwako Yaya Zawadi, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yako je, yanakuachia usingizi? Na shemeji, cherehani yake imepona? Mimi mzima, ugali na ndagala, hawa dagaa wa ziwani, vimeninenepesha. Lakini liputa ya marehemu mama, kile kitenge kilichotoka sandukuni baada ya matanga, bado sijasikia iko kwa nani. Unanijua, siwezi kunyamaza.

Kazi nimeizoea. Ofisi yetu inatunza picha za vitabu vya kuzaliwa vya vituo vya afya, kuanzia Nundu mpaka Lulimba. Vitabu vyenyewe vingi viliungua, vingine vimeliwa na mchwa, kwa hiyo mtoto akitafuta cheti, jina lake liko kwenye mashine yangu tu. Mashine ina diski tatu zilizopangwa kwa mtindo wa RAID: zinagawana kazi. Ikitoka moja, mbili zilizobaki zinakumbuka ya mwenzao. Zikitoka mbili, majina yote yamekwenda.

Sasa, kila asubuhi nilikuta taa ya machungwa inawaka na mashine inajijenga upya, kama iliyoumwa usiku kucha. Nikamshuku mlinzi. Nikamshuku fundi wa umeme wa jua. Nilianza hata kuficha funguo ndani ya kiatu. Mgeni hapa ni mimi, Yaya, na kitu kikiharibika mgeni ndiye mwizi. Halafu diski ya pili ikaanza kutoa makosa, nikaogopa kweli.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile ambayo wengi hawaigusi, nikaiamuru mashine initumie ujumbe saa ileile diski inapochomolewa. Siku hiyo niliaga mapema, nikasimama nyuma ya choo. Saa kumi na moja simu ikatetemeka: diski ya tatu imetolewa. Mlangoni akatoka na kikapu Mama Sifa, karani wetu, ambaye kila siku hunipa nusu ya muhogo wake. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

"Mama, iko nini mu kitunga?"

"Iko sombe."

"Na chini ya sombe?"

Hakukana. Akafunua majani ya muhogo, diski ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa safi cha kanisani.

"We ulikuta bureau iko na mlango," akaniambia. "Siye tulikuta majivu. Tangu vita, mi siachake kitabu mu bureau. Nalala nayo, asubuhi nairudisha. Bakikuya kuiba, hii itabakia."

Moyo uliniuma, lakini nikamwambia ukweli: diski moja ya mpangilio ule ni vipande tu, peke yake haisomeki, na kila akiichomoa anaziacha mbili zile bila msaada. Akakaa kwenye ngazi.

"Kumbe mi nabebaka chuma tu?"

Nikaona aibu, mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya choo.

Siku mbili tulinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, maana kubadilisha mpangilio kunafuta yote. Tukanunua diski mpya badala ya ile mbovu, nikazipanga upya ziwe kioo: kila moja inabeba vitabu vyote vizima. Mkubwa wa ofisi amekubali. Sasa mbili zinabaki ofisini, na ya tatu Mama Sifa anaibeba chini ya sombe, huku naona kwa macho yangu. Ujumbe bado unanijia kila saa kumi na moja. Sijaufuta, tabia haiishi siku moja. Ila nikiusoma najua majina yamelala mahali pawili.

Nisalimie shangazi wa karibu na reli, shemeji fundi, na mama mkwe wako anayesema mimi nina macho makali. Mwambie ana haki.

Na ile liputa ya mama, Yaya, siulizi tena nani aliitoa sandukuni. Kama iko kwako, iweke mbali na panya.

Mdogo wako,
Faida