Vyombo Vilivyovaa Nguo za Mama Mkwe

Geita,
kwenye nyumba ambayo bado haina mapazia.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu naliamkia goti lako la kushoto, maana najua ndilo linaloamka mapema kuliko wewe. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea unaipaka, au umeshampa mama mchungaji? Na mihogo, mmepata jua la kuikaushia? Sisi huku ni wazima wa mwili. Edina ameanza shule na ameshapigana na mtoto wa watu. Nakuambia mapema, usije ukauliza amerithi kwa nani.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Mama, simu yako husikii mpaka uweke spika, na ukiweka spika inasikia Majita nzima. Haya si ya spika. Barua atakuletea jirani yangu mpya, ni mwalimu, kwao ni Bunda, anakwenda likizo na amekubali kufika mpaka hapo nyumbani. Ukimaliza kuisoma mwite baba mdogo muisome tena pamoja, kwa sababu mwishoni nina ombi kwake.

Mama, nimefanya jambo. Nimehama na mama mkwe wangu bila ruhusa ya mtu yeyote. Tafadhali usishike kichwa kabla hujafika mwisho.

Mabula alipopata kazi huku, tulikubaliana atangulie yeye na Edina kwa ajili ya shule, mimi nibaki kwenye nyumba yetu ya Mkuyuni nifunge vyombo, nije na gari la mizigo. Kuhusu mama yake, yeye na kaka yake Shija walishamaliza kikao chao wawili. Mama arudi Magu, kwa Shija. Sababu zilitolewa nzuri kabisa: mama hawezi kuvuka maji kwenda kufia ugenini, kaburi la baba liko Magu, watu watasema nini. Mimi niliambiwa mwishoni, nikiwa nasonga ugali. Nikauliza, "Na yeye mwenyewe anasemaje?" Mabula akanijibu, "Nyangeta, haya ni mambo ya ukoo."

Shemeji Shija si mtu mbaya, Mama, nisimsingizie. Ila nyumbani kwake mchana hakai mtu. Yeye yuko shambani, mke wake yuko mnadani, watoto shuleni. Mwaka jana mama alikaa huko baada ya mavuno. Unajua macho yake yalivyo, mwanga anauona lakini sura haoni. Siku moja njaa ikamshika, akapapasa jikoni atafute uji, sufuria iliyokuwa bado ya moto ikammwagikia mkononi. Alikaa na lile jeraha peke yake mpaka jioni. Aliporudi kwangu nilimuuguza mimi, na kovu lile nalijua kwa sababu ndimi niliyelisafisha. Sasa nikawa naambiwa nimfungie mizigo arudi pale pale.

Unanijua mdomo wangu. Lakini siku ile unanikabidhi uliniambia, "Ukweni uwe na masikio mawili na nusu mdomo." Nikajitahidi. Nikanyamaza, nikaenda madukani kuomba maboksi ya sabuni, nikanunua viroba na kamba, nikaanza kufunga nyumba.

Kumbe kufunga nyumba ni kazi, Mama! Unaishi mahali unadhani huna kitu, siku ya kuhama ndiyo unajua una vifuniko vingi kuliko sufuria. Nilikuwa naanza kabati, naliacha, nakwenda kwenye kitanda, nakosa spana, narudi kabatini. Mama mkwe alinisikiliza nikihangaika, mwishowe akatandika mkeka ukumbini, akakaa. "Lete vyombo hapa, mayu. Macho sina lakini mikono ninayo." Ndivyo anavyoniita, kwao ni neno la heshima kwa mwanamke. Nikamletea sahani, glasi, vikombe, lile jagi kubwa la kioo ulilonipa wewe, na rundo la magazeti ya kufungia. Nikamwacha hapo, mimi nikaingia chumbani kupambana na kitanda. Kila boksi lilipojaa aliniita, mimi nikapiga kamba juu bila kuangalia ndani.

Nilipotaka kumfungia mzigo wake alikataa. "Wangu nitaufunga mwenyewe. Mzigo wa mtu mzima haufungwi na mkwe." Nikasema sawa. Tena nisikufiche, nilifurahi, nimepunguziwa kazi.

Asubuhi ya kuhama gari likaja, kenta moja kuukuu. Dereva akatingisha boksi la vyombo, akaniuliza, "Nani kafunga hivi?" Nikamwambia, "Sisi wenyewe." Akacheka. "Basi kikivunjika usinililie, mama. Mimi nabeba tu." Wakapakia. Mpango ulikuwa hivi: bajaji imchukue mama mkwe mpaka stendi ya Buzuruga, shemeji Shija alikuwa pale anamsubiri ameshakata tiketi za Magu. Mimi nipande kenta nielekee Busisi. Huyu kulia, huyu kushoto.

Bajaji ikaja. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, amejifunga kanga yake ya kila siku, mzigo wake mkubwa magotini. Nikauinua nimsaidie. Mama, ule mzigo nusura unipige usoni! Nilijiandaa kwa uzito, uzito haupo.

"Mama, mbona mzigo wako mwepesi hivi?"

"Mzigo wa mzee ni mwepesi."

Nikaubonyeza. Ukalia karatasi. Basi adabu ikanitoka, nikaufungua pale pale mlangoni. Magazeti. Yale yale niliyompa ya kufungia vyombo, ameyakunja vizuri moja moja, ameyajaza kwenye shuka. Chini kabisa kulikuwa na kitenge kimoja tu.

"Nguo zako ziko wapi?"

"Zimevaa vyombo vyako."

"Unasema nini, Mama?"

"Gazeti halimlindi mtu, mayu. Njia unayokwenda ni ndefu na vyombo vyako ni vya kioo. Nguo ndiyo inazuia. Mimi Magu nakwenda kukaa ndani, nani wa kuniona?"

Nikashika kile kitenge, nikamuuliza, na hiki je? Akanyoosha mkono haraka, akakikamata kabla sijamaliza.

"Hicho usikiguse. Alinipa mwenzangu siku anakuleta kwangu. Hicho nitazikwa nacho. Ukija msibani uwaonyeshe, wasinivalishe kingine."

Mama, ni kile cha bluu chenye tausi. Chako.

Nililia. Wala sikulia kwa heshima, nililia mpaka dereva akazima gari akidhani kuna aliyeumia. Nilipopata sauti nikachutama mbele yake, nikamuuliza swali ambalo wanaume wawili wazima walishindwa kumuuliza: "Mama, wewe unataka kwenda wapi?"

Mwenye bajaji akapiga honi. Mama mkwe akasema, "Nataka mahali ambapo mchana kuna mtu."

Basi. Nikamwambia yule wa bajaji aende zake. Nikamshika mama mkono, nikampandisha kwenye kenta, nikamkalisha kati yangu na dereva. Akawa anauliza, "Shija je? Ananisubiri." Nikasema atasubiri. "Na Mabula atasemaje?" Nikasema atasema.

Safari nzima alinishika kiganja. Alikuwa anaogopa maji tangu zamani, na hicho ndicho Shija alichokuwa anakiweka mbele kila mara. Kila tukipunguza mwendo anauliza, "Tumefika kwenye kivuko?" Dereva akamwambia, "Bibi, siku hizi hakuna kivuko, ni daraja." Akafumba macho akaanza kusali. Nilimwacha asali. Alipomaliza akauliza maji yako wapi, nikamwambia tumeshavuka, yako nyuma yetu. "Ala! Ndiyo hayo tu?" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka, simu ilikuwa mkononi na nilijua lazima sasa nimpigie shemeji.

Aliyoyasema Shija siyaandiki yote. Alisema nimemwiba mama yao. Alisema mwanamke wa kutoka Mara hawezi kuwafundisha wao kutunza mzazi. Na ni kweli, Mama, nilimwacha mtu mzima stendi asubuhi nzima, ameshika tiketi mbili, anaangalia kila bajaji inayoingia. Hilo nimekosa, na nitampigia magoti. Lakini la kumchukua mama siombi radhi.

Tulipofika, Mabula alikuwa amesimama nje. Alimwona mama yake anashuka, akabaki ameganda. Kisha akaja, akamwamkia, akamshika mkono akamwingiza ndani taratibu, akimwonyesha kizingiti kiko wapi. Halafu akatoka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele ya kaka yangu." Tangu hapo haongei na mimi. Anaongea na Edina. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Na mimi nimeketi palepale mbele yake! Nikiona hivyo nataka kucheka, halafu nakumbuka hali yenyewe, hamu ya kucheka inaisha.

Jana tulifungua maboksi. Hakuna kilichovunjika, Mama. Hata kikombe kimoja. Nilikuwa natoa sahani namkuta mama mkwe: blauzi yake ya kanisani, kanga zake, gauni la Krismasi. Glasi amezivalisha soksi zake, moja moja. Mabula alikuwa anasaidia bila kusema, akalitoa lile jagi lako kubwa, na lilikuwa limefungwa ndani ya sweta la kijivu. Lile sweta alimnunulia mama yake kwa mshahara wake wa kwanza kabisa. Alilikunjua, akalishika, akakaa juu ya kiroba. Mimi nikajifanya natafuta kisu. Nilipogeuka alikuwa ametoka nje, na sweta ametoka nalo.

Sasa ombi. Shija anakuja Jumapili ya wiki ijayo na wazee wawili wa ukoo, kuna kikao hapa hapa. Tumefundishwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, nami naamini. Lakini wazee hao wote ni wa upande mmoja, na mimi nitakaa kwenye mkeka peke yangu na huu mdomo wangu. Naogopa, Mama. Naogopa watamrudisha, na naogopa nitasema neno litakalovunja nyumba yangu. Mchuma janga hula na wa kwao, ndiyo maana nawasumbua. Naomba baba mdogo apande gari aje. Asije kugombana. Aje tu akae upande wangu, na aulize mbele ya watu wote lile swali nililouliza mimi mlangoni. Likitoka kinywani mwa mwanaume mwenye mvi watalisikia.

Mabula nimeshamwambia, nilimwambia mwenyewe bila kumpitia Edina: wakimchukua mama yake, itafungwa mizigo miwili, na wa pili ni wangu. Kwa hiyo ukiniona nimetokea hapo uani na kiroba, usinipigie kelele kwanza. Nipe maji ya kunywa, kelele baadaye.

Nisalimie baba mdogo, mwambie kochi lake la kulalia lipo ila limepoteza mguu mmoja njiani. Msalimie dada mkubwa na hao mapacha wake. Msalimie shangazi wa kule ziwani, dagaa wake tulikula na mama mkwe mpaka wakaisha. Wifi yangu mwambie nilipata salamu zake. Na mama mchungaji msalimie pia, lakini barua usimsomee.

Mama mkwe yuko hapa mlangoni, anaota jua, ananisikiliza nikikwaruza kalamu. Nguo zake zote nimezifua, ziko kwenye kamba. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema nikwambie hivi: kile kitenge cha bluu ameghairi kuzikwa nacho. Amekivaa leo. Na siku wazee wakija, watamkuta amekivaa.

Mwanao asiye na nusu mdomo,
Nyangeta