Chai Iliyokatwa Ipumzike

Ndugu yangu Kiprono,

Salamu zako za simu zilinifikia, kama zile zinaweza kuitwa salamu. Hukuuliza Mama ameamkaje wala kama mvua inanyesha hapa Kimulot. Ulipiga tu kelele kutoka huko Kanada: "Nani amekata chai ya Baba? Dada, umemaliza shamba!" Nilikuwa nimetoka kupeleka majani ya chai kituoni, gambuti zimejaa matope, nikakosa hata nguvu ya kukujibu. Nikakata simu. Sasa nakujibu kwa barua, na ninaiandika wazi ili jamaa wote wanaosimamia shamba hili kwa mdomo nao waisome.

Wewe ndiye uliyeniomba video. Ulisema huko ni baridi na unatamani nyumbani. Basi kila Jumapili nikitoka kanisani nilishuka na simu hadi mtoni nikakuchukulia video ya ng'ombe wa Mama, michai imejaa bonde lote, ukungu ukitoka upande wa msitu. Majuzi nikakuchukulia kile kipande cha mtoni. Ukaona visiki vitupu, matawi makavu yamelazwa juu yake, hakuna jani hata moja. Ukaamua nimeua. Na hiyo haikutosha, ukampigia Baba Mdogo.

Maskini, mzee alikuja asubuhi na fimbo yake, amevaa lile koti la mikutano. Nikamshusha hadi mtoni. Akainama, akagusa kisiki kimoja, akacheka mpaka akashika kiuno. "Ai! Huyu kijana amesahau chai hupogolewa?" Akanywa maziwa ya mursik ya Mama, akaenda zake. Yeye alicheka. Mimi nilikaa chini kwenye matawi nikalia kidogo, halafu nikarudi kazini.

Jumapili iliyofuata nikatoa kanda za Baba. Unaikumbuka kamera yake, ile nyeusi aliyokuwa anaibeba shambani kama mtoto mchanga? Kijana mmoja wa studio Kericho alizihamishia kwenye flashi, tukakaa na Mama mbele ya televisheni. Ni shamba tu, mwanzo mwisho. Hata siku ya harusi yangu Baba alinichukua kidogo, halafu akageuza kamera akachukua trekta. Mama akasema, "Huyo mume wangu, wacha tu."

Kuna mahali Baba mwenyewe anaonekana, na lazima ni wewe uliyeshika kamera, maana picha inayumba na nusu yake ni anga. Analaza ufito wake juu ya michai, ule mrefu ulionyooka, kuhakikisha juu kuko sawa kama meza na mchumaji hagusi jani lililo chini ya ufito. Anageuka, anakwambia, "Shika vizuri, wewe!" Mama aliposikia sauti hiyo akainua mkono niirudishe. Tuliirudisha mara nyingi.

Halafu ukatokea wewe. Kaptura ya shule, magoti yana vumbi, umesimama katikati ya visiki, na ni kipande kile kile cha mtoni. Baba anakuuliza kutoka nyuma ya kamera, "Hii chai imekufa?" Na wewe, na kiburi chako chote, unamjibu kama mwalimu: "Haijakufa, Baba. Imekatwa ipumzike. Imechumwa miaka mingi, imechoka."

Mama akaniuliza polepole, "Huyu ndiye aliyekupigia simu?"

Kiprono, hasira ziliniisha hapo hapo, nikabaki na uchovu peke yake. Nilikuwa namtazama huyo mtoto na ninampenda, na ninajiuliza alipotelea wapi. Wewe ndiye kitinda mimba. Kwa desturi yetu boma la Mama ni lako, na unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Baba alipofariki, mimi nilikuja kushikilia tu. Niliacha sufuria jikoni kwangu Sigowet nikijua nitarudi kuziosha. Watoto wangu wamekua wananiita mgeni, kwa mzaha, lakini wananiita. Mume wangu ni mvumilivu, hajasema neno, na ndiyo maana naona aibu kumtazama. Kila nikimwambia Mama nataka kwenda kwangu, ananijibu lile lile: "Subiri Kiprono aje." Na wewe kila Krismasi unakuja mwaka ujao.

Sikulaumu kwa kwenda. Nyumba hii imesoma kwa chai, na wewe ulisoma vizuri. Lakini nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka mgongo, nimechoka kugombana na wachumaji, nimechoka kuwa macho yako. Hata chai, ambayo haina mdomo wa kulalamika, Baba aliipumzisha. Mimi nani ananikata?

Kwa hiyo nimejikata mwenyewe, nipumzike. Video ile ya visiki ndiyo ya mwisho. Ukitaka kuona shamba, njoo ulione. Wachumaji wanajua kazi yao, na Baba Mdogo atakuwa anapitia kuwatazama. Lakini kipande cha mtoni kitachipua, na siku ya kuchuma mara ya kwanza lazima awepo mtu wa nyumba hii wa kulaza ufito na kusawazisha ile meza upya. Hilo si la Baba Mdogo, wala si la kuajiri mtu. Ufito wa Baba nimeuegemeza mlangoni kwa Mama, upande wa ndani, usinyeshewe.

Mimi nitakuwa kwangu. Nimeshafunga nguo zangu. Nilimwambia Mama leo, tukiwa tunakamua. Aliendelea kukamua, akamaliza ng'ombe yule, akafuta mikono kwenye leso yake. Hakuniambia nisubiri.

Nakupenda, hata ukipiga kelele.

Ni mimi dada yako, wa kwanza kwa Mama