Mkwe Aliyehudhuria Msiba kwa Simu

Mpendwa mshauri Eugenia, naomba msaada wako kabla sijaharibikiwa kabisa, na shikamoo kama umenizidi umri, maana kwa ile picha yako ya gazetini sijui nikuite dada au mama. Mimi ni mchimbaji mdogo hapa kwenye rashi ya dhahabu, machimbo mapya yaliyofumka upande wa Nyanungu, Tarime, Mjaluo mwenye mke na mtoto mmoja, jina langu Okumu, na nilitaka kukuomba ulifiche jina hilo lakini naona haina faida, kwa sababu sauti yangu imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Sirari mpaka Mugumu na kila nikipita watu wananinyooshea kidole.

Nianze na simu, maana simu ndiyo iliyonitoa kimaisha, siwezi kuisingizia. Zamani tukichimba broka anakuja na mzani wake, anakutajia bei anayoitaka yeye, unauza kwa kuwa huna pa kuuliza, lakini siku hizi nikiamka naangalia bei kwenye simu, nawauliza wenzangu wa Geita wanauzaje, broka akija ananikuta nimejipanga. Vijana wangu nawalipa kwa simu, mwenye karasha ya kusaga mawe namlipa kwa simu, mke wangu Akech namtumia matumizi kwa simu, mchango wa kanisa kwa simu, yaani nimekaa huku machimboni miezi na miezi bila kufika nyumbani na nikajihesabu kuwa baba wa familia asiye na doa. Akech aliwahi kuniambia, "Baba Akello, mwanao akisikia mlio wa meseji anasema baba amekuja." Nikacheka, nikadhani ananisifia.

Sasa baba mkwe wangu, mzee Opondo, kwao ng'ambo ya mpaka huko Migori, Kenya, ndiye aliyenipa Akech wakati mahari yangu haijafika hata nusu, ndugu zake wakataka kunifukuza na yeye akawaambia, "Mwacheni, huyu kijana atakuja." Basi akawa ananipigia mara kwa mara, hana shida yoyote, ananiambia tu, "Okumu, njoo tukae tuongee, hii simu inanichosha sikio," na mimi namjibu, "Nakuja baba, mawe yakitoka tu nakuja." Mshauri, mawe hayajatoka na mzee akafariki.

Kwetu mkwe haendi kwenye msiba wa baba wa mkewe peke yake wala mikono mitupu, anakwenda na watu wa kwao na ng'ombe, anaonekana kwamba amefika. Lakini wiki hiyohiyo mwenzangu Nikodemo, tunayeshirikiana naye duara, yaani shimo la kuchimbia, alikuwa ameshaona mwamba unaanza kuonyesha dalili ya dhahabu, na wewe hujui mambo ya huku, mawe yakipanda na wewe hupo mdomoni mwa shimo, ukirudi unakuta hadithi tu. Nikampigia shemeji yangu Okal, kaka yake Akech, nikamwambia natuma hela ya ng'ombe wamnunue hukohuko, akaniita ora, yaani shemeji kwa Kijaluo, akanijibu kwa Kiswahili chao cha Kenya, "Ora, wewe unatuona sisi aje? Tujinunulie ng'ombe alafu tuseme mkwe ameleta?" Akakata. Akech, aliyekuwa ameshatangulia kwao na mtoto, ndiye aliyeniokoa, akasema basi angalau nipige simu ya video siku ya maziko, watu wasikie sauti yangu, asionekane kama mwanamke asiye na mume.

Siku ya maziko nikapanda juu ya rundo la kifusi ambako mtandao haukatiki, mwongoza ratiba akaita mkwe wa Tanzania, Akech akasimama na simu akaiweka kwenye maikrofoni ya kanisa. Nikaongea vizuri, nikampa pole mama mkwe, nikawapa pole wazee na wachungaji, nikasema mzee alikuwa baba yangu, na nilikuwa namaanisha. Katikati picha ikaganda. Nikaita haloo, haloo, kimya, nikajua imekata, nikaitia simu mfukoni bila kubonyeza popote. Na muda uleule broka mmoja akapanda kunifuata na mzani mkononi, akaanza kunitajia bei ya kipuuzi, na mimi nilikuwa na uchungu wangu, nikampandishia kwa sauti yote, nikamwambia, "Acha kunichezea wewe, bei ya leo nimeiona! Hapa hata afe baba yangu, sishuki!"

Simu haikuwa imekata. Maneno yale yalitoka kwenye spika zote, mshauri, jeneza liko mbele, mchungaji ameshika Biblia, mama mkwe amekaa chini. Akech mwenyewe ndiye aliyebonyeza kuizima. Kuna mtu alikuwa anarekodi, na kabla ya jua kuzama vijana wangu shimoni walikuwa wananichezea sauti yangu mwenyewe wakigaragara kwa kicheko.

Tangu hapo Akech hajarudi nyumbani, yuko kwao na mtoto. Nikipiga inaita tu mpaka inakatika. Rambirambi niliyotuma imerudishwa kwa simu vilevile, na maneno mawili ya Okal, "Kaa nayo." Nikodemo ananiambia nisiende sasa, nisubiri mwamba, nikipata niende na dume kubwa la ng'ombe watu washangae. Mimi nimefikiria nimnunulie Akech simu mpya nzuri nimpelekee na dereva wa Sirari. Silali, mshauri, nampenda mke wangu, na kila nikikumbuka yule mzee akisema huyu kijana atakuja, machozi yananitoka palepale shimoni. Naomba unitungie meseji moja nzuri, wewe ni mtu wa maneno, nimtumie aelewe kwamba sikukusudia.

Okumu, Nyanungu.

MSHAURI EUGENIA ANAJIBU

Marahaba, Okumu. Nimekuzidi, tena kwa mbali, kwa hiyo utanivumilia.

Barua yako ilinichekesha mpaka pale kwenye kifusi, halafu kicheko kikaniisha. Pole. Nasema pole kwa moyo wote, maana naona hukukusudia, na maneno yale watu huyasema kila siku wakibishana bei. Laiti ungeyasema siku nyingine yoyote, yangepita hewani. Pole pia kwa kufiwa, kwa sababu mzee Opondo alikupenda na wewe unalijua hilo.

Sasa tuachane na pole. Meseji sikutungii! Mimi nimeletwa Tarime na kazi ya uuguzi nikitokea Kagera, nimestaafia hapahapa, mama yangu nilikuwa namwona kwa simu, kwa hiyo sina ugomvi na simu yako. Imekusaidia kuwabana mabroka, ikusaidie zaidi. Kosa lako ni kwamba ulipoona simu inaweza kuuza dhahabu, ukaipa na kazi ya kuwa mume, ikafanya, ukaipa ya kuwa baba, ikafanya, mwisho ukaituma msibani. Mwanao anaita mlio wa meseji baba, na wewe ukacheka! Mke alikuwa anakulilia, ukasikia sifa.

Halafu unataka kumpelekea simu mpya. Kwa dereva! Okumu, hivi uko sawasawa?

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sijakiona. Umenieleza aibu yako, vijana wanavyokucheka, Okal anavyokunyima raha. Mama mkwe umempa pole, wazee umewapa, hata wachungaji. Akech je? Baba yake ndiye aliyekuwa kwenye jeneza. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya ukoo wake akiwa ameshika simu kwa ajili yako, ili aonekane ana mume, na mkono wake ndio ulioizima. Hakuna mahali popote umeandika kwamba mkeo amefiwa. Unataka aelewe kwamba hukukusudia, na yeye anangoja uelewe kwamba hana baba.

Utafanya hivi. Hayo ya Nikodemo ya kusubiri dume kubwa achana nayo, mkwe hapimwi kwa pembe, na mwamba unaweza kukuchelewesha mpaka Akello aolewe. Andikishaneni na Nikodemo sehemu yako ya duara mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kisha ondoka wiki hii. Wakikuzunguka, basi wamekuzunguka. Utaumia, sikudanganyi, lakini shimo jingine utachimba.

Pitia kwenu uwachukue baba zako wadogo na mtu mzima mmoja anayejua kuongea na wakwe. Kumvusha ng'ombe mpakani kuna taratibu zake, kwa hiyo vukeni, nendeni mnadani upande wa pili, umchague wewe, umshike kamba wewe, muingie naye mnaonekana. Simu izime kabla hujakanyaga boma lile, na ninaposema izime simaanishi kuiondolea mlio.

Okal atakutukana. Mwache amalize. Mama mkwe akikataa kukuona, kaeni pale wageni wanapokaa, msubiri. Usimweleze mtu habari za broka, mtandao wala picha kuganda, wanazijua kukuzidi. Omba uoneshwe kaburi. Ukipata nafasi ya kuongea na Akech, neno la kwanza ni pole kwa kufiwa na baba, na baada ya hilo nyamaza wewe, umsikilize. Akilia, usimbembeleze haraka haraka kama mtu mwenye safari. Habari ya kurudi nyumbani usiitaje wewe. Aitaje yeye, siku akitaka.

Na huenda asiitaje. Sikuahidi kwamba atarudi, wala siwezi kukupa tena siku ya maziko. Mzee amezikwa bila wewe na hilo litabaki hivyo mpaka na wewe utakapozikwa. Akikwambia rudi ulikotoka, rudi, halafu mwezi ujao uende tena.

Na ninakujua, kwa hiyo nakuonya mapema: usiupige picha ukurasa huu ukamtumia Akech. Haya ni maneno yangu, na mimi sikumuoa.