Mtande wa Besi

Gitothua, Ruiru
3 Machi 1996

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka Ruiru. Mimi ni mzima, kile kikohozi cha Januari kimeniacha. Goti lako linaendeleaje? Natumaini jioni unapika chakula cha kweli, si chai na mkate tu, maana tangu Mama atutoke hakuna wa kukuuliza.

Nakuandikia kwa sababu ya swali la nyaya. Unaweza kuninunia mimi, lakini sijawahi kukuona ukinunia waya.

Gachau, mpiga gitaa wa bendi yetu, amehamia Nairobi na gitaa lake. Tumebaki watatu: Maggie anaimba, Ajwang yuko kwenye ngoma, mimi na gitaa la besi. Sitaki kutafuta gitaa lingine. Nataka besi ijaze nafasi zote mbili, ya chini na ya juu. Nina pedali mbili za kukanyaga kwa mguu. Ya kwanza huipa sauti joto kidogo tu. Ya pili huikwaruza mpaka ikaota meno. Kila moja peke yake ni nzuri. Nikiziunganisha, uzito wote wa besi unapotea, nabaki na nyuki ndani ya chupa. Nimetanguliza hii, nimetanguliza ile, nimeandika matokeo kwenye daftari kama jaribio la maabara. Bado ni nyuki.

Ndiyo sauti niliyokupigia Krismasi, ukasema hukunisomesha hesabu chuo kikuu ili nije kupiga kelele. Tangu siku hiyo unaniita Wangeci. Maisha yangu yote uliniita Maitu, mama yangu, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Sikuombi unirudishie. Nauliza nyaya tu.

Agosti tutapiga hapo Thika, kwenye ukumbi wa mtaa wako. Ningependa uje.

Binti yako,
Wangeci


Thika
19 Machi 1996

Wangeci,

Salamu nimezipata. Goti lipo. Nakula.

Kosa lako ni la mtu anayetaka kufuma kwa uzi mmoja. Kwenye mashine zetu za kufumia hapa kiwandani kuna mtande, zile nyuzi ndefu zilizokazwa ambazo haziendi popote, na kuna mshindio unaopita katikati yake ukienda na kurudi. Watu wakisifu maua ya kitambaa, mara nyingi wanasifu mshindio. Lakini ondoa mtande uone kama utabaki na kitambaa.

Igawanye sauti pale inapotoka kwenye gitaa. Njia moja iende kwenye spika ikiwa safi, pedali yoyote isiiguse. Njia ya pili ndiyo uipitishe kwenye pedali, ya joto kwanza, ya meno baadaye, na zote mbili uziweke chini kuliko roho yako inavyotaka. Nyinyi vijana mnafungua kila kitu mpaka mwisho.

Hiyo pedali yako ya pili siiamini. Nitakuundia nyingine, yenye kigawanyo ndani. Usinunue kitu.

Hesabu bado unafundisha?

Baba yako,
Gathogo


Gitothua, Ruiru
21 Aprili 1996

Mpendwa Baba,

Habari za huko na mvua hii? Hapa kwetu tope limefika mlangoni, lakini afya ninayo. Hesabu bado nafundisha, kidato cha pili na cha tatu.

Farouk, yule mfanyabiashara wa hapa kwetu, alinipa mkebe wako wa pedali jana. Anasema huwa anakuja kiwandani kwenu kuchukua vitambaa vya mabaki kila Jumatano, kwa hiyo barua zangu zitapitia kwake. Niliufungua mkebe kabla ya kuujaribu, nikautazama kwa muda mrefu. Risasi ya kulehemu imekaa kwenye kila kiungo kama tone la umande. Nyaya zimelala sambamba, kama nyuzi zenyewe. Nilimwonyesha Ajwang nikamwambia, huyu ndiye baba yangu.

Kisha nikaunganisha.

Kigawanyo ni sawa kabisa. Njia safi ni safi. Lakini ile njia ya meno, Baba. Ajwang aliangusha fimbo akaziba masikio. "Wangeci, buda yako ametufungia paka kwa mkebe?"

"Paka ni afadhali," Maggie akasema. "Hiyo ni mabati inaburutwa kwa lami."

Nilicheka nao. Baadaye nikaufungua tena mkebe, na hapo sikucheka. Umeweka kapasita zinazoacha sauti nyembamba tu zipite, na pale ambapo fundi yeyote angezipunguza, wewe umeziongeza. Si bahati mbaya. Naona umebandua na kubandika mara tatu au nne, kila mara ukiongeza ukali. Mtu anayefanya kazi safi namna hii hakosei hivyo, isipokuwa kama alikuwa akiusikiliza na kila mara akauona bado umefifia.

Nikakumbuka Februari, nilipokupigia simu kiwandani ukasema laini ni mbaya, ukakata. Laini ilikuwa nzuri.

Baba, unasikia?

Binti yako,
Wangeci


Gitothua, Ruiru
2 Juni 1996

Mpendwa Baba,

Nakusalimu, na natumaini u mzima. Wiki sita sijapata neno. Farouk anasema uliisoma barua ukiwa umesimama, ukaikunja ukaitia mfukoni, ukamuuliza bei ya mabaki kana kwamba hujui.

Niliuliza vibaya. Nilikuwa na haraka ya kuwa sahihi, tabia ambayo unajua niliipata wapi.

Mkebe sijaugusa. Nataka ujue hilo.

Binti yako,
Wangeci


Thika
30 Juni 1996

Wangeci,

Hujambo? Mimi goti limepata nafuu, baridi hii ikiliacha.

Kwanza walipotea ndege. Asubuhi nikienda kazini walikuwa wakipiga kelele kwenye ile miti ya lango, halafu wakaacha. Nilidhani ni dawa wanazopulizia mananasi. Nikawaambia wenzangu, mnaona, wameua ndege wote. Walinitazama tu. Kisha mashine zikawa kimya upande wa juu, nikadhani wamebadilisha mikanda. Miaka ishirini na minne kwenye chumba cha kufumia, mtu hujiambia mengi.

Nilikuwa nikisimama mlangoni nasikia ni mashine gani inaumwa kabla haijasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu pale. Sasa naweka kiganja juu ya chuma. Kiganja hakijanidanganya bado, na meneja anadhani ni mtindo wa kifundi. Akijua, atanipeleka kufungua lango.

Krismasi uliniletea besi yako sebuleni. Nilikukazia macho vidole, vilikuwa vinakwenda vizuri sana, na mimi nilisikia mtu anakoroma chumba cha pili. Ningesemaje? Nikasema kelele. Ni rahisi kuwa baba mkali kuliko kuwa baba asiyesikia.

Mkebe ulikuwa mtamu masikioni mwangu. Nilipouzima jioni ile nilikuwa na furaha. Nitumie na Farouk nikautengeneze upya kwa kufuata vitabu, si kwa masikio.

Kuhusu Agosti, nitakaa nyumbani. Sitaki kukaa mbele ya watu nikipiga makofi mahali pasipofaa.

Baba yako,
Gathogo


Gitothua, Ruiru
21 Julai 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua si desturi yetu kuamkiana hivyo, lakini leo nataka kukuamkia kwa neno zito kuliko habari. Mimi sijambo kabisa.

Mkebe siurudishi. Nisikilize, kwa maana nimefanya kazi juu yake wiki saba na nina daftari zima.

Ukiwa peke yake unakata masikio. Lakini nilirudi kwenye barua yako ya mtande nikaifuata neno kwa neno. Njia safi nimeipeleka kwenye spika kubwa, haiguswi na kitu. Njia ya pili inaanza na pedali ya joto, imefunguliwa kidogo sana, halafu inaingia kwenye mkebe wako, nao unatokea kwenye spika ndogo, chini kabisa, robo tu. Pedali ya joto inaulainisha uzi kabla haujafika kwako. Ukali wako unaushika ule uzi na kuufanya uonekane. Pedali yangu ya zamani nilipoiweka hapo haikuweza, meno yake yalikuwa butu, yakazama ndani ya besi. Kinachotakiwa pale juu ni kitu chembamba chenye makali, na kiasi kidogo tu. Maggie sasa anasema tusipouwasha mkebe anahisi anaimba bila viatu. Ajwang bado anauita Paka, lakini kwa heshima.

Kama ungeusikia sawasawa, Baba, ungeunda pedali ya kawaida, na mimi ningebaki na nyuki.

Sasa kuhusu kukaa nyumbani. Krismasi ulikosa kunisikia kwa sababu nilikuwa nimekuletea maua bila mtande. Uzito wote niliuacha njiani mwenyewe. Safari hii mtande upo. Jukwaa la ukumbi ni la mbao, na spika kubwa itakaa ukingoni, upande wa kushoto. Nimeenda kuliona. Kuna benchi lililogongomewa misumari kwenye jukwaa lenyewe. Kaa hapo. Weka kiganja.

Jumapili tarehe 18, saa tisa mchana. Na ukipiga makofi mahali pasipofaa, nitasimamisha wimbo hapo hapo, watu wadhani ndivyo ulivyotungwa.

Binti yako,
Wangeci


Thika
20 Agosti 1996

Maitu,

Natumaini ulifika salama na vyombo vyako. Mimi ni mzima, goti na vyote.

Ulipotazama upande wangu kwenye wimbo wa kwanza nilikuwa bado sijaweka kiganja. Nilikuwa naona haya. Halafu benchi likaanza kutetemeka, na kiganja hakikuhitajika. Besi ilipanda kutoka miguuni mpaka kifuani, na nikajua kila ulipobadilisha kidole. Wimbo wa tatu ulichelewa mahali fulani, Ajwang akakungoja. Usidhani sikulijua hilo.

Na juu yake, mbali kidogo, nilisikia kitu chembamba chenye makali. Nilikitambua. Ni mimi niliyekiunganisha.

Jana nimemwambia meneja kuhusu masikio. Akasema niendelee na kiganja, na nimfundishe Waithira, yule fundi mpya, asikilize hivyo hivyo.

Katikati ya wimbo wa mwisho mwanamume mmoja alinigusa bega, akakuonyesha kwa kidole, akaniuliza kitu. Sikusikia hata neno moja. Nilimjibu kwamba huyo ni mama yangu.

Mwanao,
Gathogo