Skrubu Niliyoizungusha Mbele ya Mzee Haji

Ijumaa. Joto tangu asubuhi, hata upepo wa bahari umegoma kuingia dukani. Nimerudi nyumbani, wali umewekwa, sikuugusa. Nimemwambia mke wangu tumbo linauma. Huo ni uongo wa pili leo.

Wa kwanza ndio unaoniwasha.

Bi Zuhura alikuja kutoka kijijini Bweni na mumewe, Mzee Haji. Deki yao, ile ya kuchezea na kurekodia sidii, aliipakata njia nzima, kaifunga kwa kanga, maana ile barabara ni mashimo matupu. Nikawaamkia, nikamkalisha mzee kando ya meza yangu. Alipigwa na kiharusi, sasa hasemi neno. Sauti yake imebaki kwenye sidii moja tu, ya harusi ya binti yao, anasoma kaswida. Kila Ijumaa baada ya swala mkewe humwekea. Siku hizi ilikuwa inakwamakwama.

Kumbe ni vumbi tu kwenye lenzi. Bi Zuhura alipokwenda sokoni, niliifuta kwa pamba, kaswida ikatoka. Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ningeishia hapo. Lakini mimi na ujuaji wangu! Niliona lenzi imekaa upande kidogo, nikashika bisibisi niinyooshe. Aliyenifundisha kazi hakuchoka kuniambia: kabla hujagusa skrubu ya lenzi, itie alama kwa rangi ya kucha, ujue pa kurudi. Sikutia. Nazungusha kidogo tu, nani wa kuhangaika na rangi ya kucha?

Sidii zangu zote zikasoma safi. Ya kwao ikagoma. Ndipo nikakumbuka Bi Zuhura alivyosema, harusi ilirekodiwa kwa deki hiyohiyo. Basi ilirekodiwa lenzi ikiwa upande, na inataka kusomwa lenzi ikiwa upande vilevile. Nikarudisha huku, nikarudisha kule, wapi! Ikizidi hata unywele mmoja, haioni kitu.

Bi Zuhura aliporudi, duka lilikuwa na wateja. Nikaona haya. Nikamwambia sidii imekwisha, imekwaruzika.

Akasema taratibu, "Basi ni mimi, mwanangu. Nilikuwa naipangusa kwa kanga."

Sikumkatalia.

Akamgeukia mumewe, akamwomba radhi. Mzee Haji hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akatazama bisibisi mezani, akanitazama tena. Alikuwa ameona yote. Mtu pekee wa kunisema ndiye huyo aliyenyang'anywa sauti na kiharusi, kisha na mimi.

Wakaondoka na deki yao, na sidii yao kwenye kanga.

Kesho nakwenda Bweni na bisibisi zangu. Nitaizungusha skrubu ile kidogokidogo, hata nikishinda huko, mpaka ipate ulalo wake wa zamani. Huenda ikapatikana, huenda isipatikane, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kabla sijaifungua deki, nitamwambia Bi Zuhura kwamba kanga yake haina kosa. Nitasema mzee akiwa amekaa palepale, anasikia.