Chumba Kimoja, Vitanda Viwili

Biryogo, Kigali
14 Juni 1992

Kwako Baba,

Pokea salamu zetu. Mama goti linamsumbua, lakini sokoni anakwenda. Mimi sina homa wala kikohozi. Natumaini nawe u mzima, ingawa naandika hivyo bila kujua uzima wako huwa ukoje.

Barua yako ilifika Alhamisi na nimeisoma mara nne. Ulipoondoka na lori nilikuwa na miaka mitano. Sasa nina ishirini na mmoja, nafundisha Kifaransa darasa la sita, na baada ya ukimya wote huo umeniletea kijitabu cha picha za hoteli. Unataka nije Desemba, tukae siku tatu karibu na ule uwanja mkubwa wa bembea na michezo ya watoto uliofunguliwa mwaka huu nje ya Paris, na hoteli nichague mimi. Baba, mimi sijawahi kulala hotelini hata hapa Kigali.

Nimetazama zote tatu. Ya kwanza iko mlangoni kabisa mwa uwanja. Ya pili ni vibanda vya mbao msituni, na vitanda vyake ni vya ghorofa. Ya tatu iko kijijini, dakika kumi na mbili kwa basi. Kwenye ile ya msituni kuna mtu amezungusha duara kwa kalamu nyekundu na kuandika "Natacha". Natacha ni nani? Na huo uwanja, watu wazima wanafanya nini humo? Nimemuuliza Mama. Amesema, "Muulize mwenyewe, si ndiye anayekualika?" Kisha akaondoka na kijitabu, na nilipomfuata nilimkuta anatazama picha ya bwawa la kuogelea.

Niambie unataka nini, nami nitajua la kujibu.

Mukunde wa Mama Swafiya

*

Lille
5 Julai 1992

Mwanangu Mukunde,

Nakusalimu sana, na Mama yako pia, pole yake ya goti. Mimi niko salama. Mgongo tu, kwa sababu ghalani naendesha kigari cha kupanga mizigo, nakaa nimepinda mchana kutwa. Kiswahili changu utanisamehe, sina wa kuongea naye. Kifaransa chako nakiogopa, wewe ni mwalimu.

Natacha ni dada yako. Ana miaka tisa. Nilitaka kukwambia vizuri, kalamu yake ikanitangulia. Desemba yeye haji, tutakuwa wawili.

Kwa nini uwanja wa michezo? Nilifikiri nikikuita nyumbani tutakaa kwenye viti tutazamane, na mimi sitaweza. Pale kuna foleni, kuna vitu vinazunguka, mtu anaweza kusimama na mwanawe bila kuongea na hakuna anayeshangaa. Na nilipokuacha ulikuwa wa umri wa kucheza pale.

Hoteli chagua wewe. Bei usitazame.

Baba yako,
Kabera Léonidas

*

Kigali
27 Julai 1992

Baba,

Hujambo na mgongo? Sisi tupo. Vizuizi barabarani vimeongezeka na kutoka Kanombe hadi mjini unaonyesha kitambulisho mara tatu, lakini tupo.

Nina dada, basi. Nimetembea na neno hilo siku nzima, nikafundisha nalo imla, na wanafunzi wakaniambia nimesoma sentensi moja mara mbili. Sijui kama nimefurahi. Likinijia jibu nitakuandikia.

Vibanda vya msituni hapana. Kwa masista nimelala kitanda cha juu miaka sita, sitapanda ndege ili nirudi bwenini. Ile ya mlangoni inanitisha, naona kama mtu hawezi kutoka humo bila kuchangamka. Nachagua ya kijijini. Chumba kimoja, vitanda viwili. Mama anasema unakoroma kama lori linalopanda mlima wa Rebero na mzigo wa saruji. Nataka nisikie mwenyewe. Asubuhi yake naweza kuona nimekosea, lakini leo ndivyo ninavyotaka.

Mukunde

*

Kigali
9 Septemba 1992

Baba,

Salamu. Goti la Mama limepata nafuu. Kwangu mimi usiulize.

Ile karatasi ya hoteli uliyonitumia niliipeleka kwenye ofisi ya viza bila kuisoma yote. Niliona tarehe, 27 hadi 30 Desemba, nikaona majina, nikafurahi. Karani wa dirishani, Habiyaremye, aliisoma mpaka mwisho.

"Huyu Kabera ni nani wako?"

"Baba yangu."

Akamwita mwenzake. "Njoo, njoo uone baba wa siku hizi anavyompangia binti yake!"

Imeandikwa: Bwana Kabera na Bibi Mukunde, chumba kimoja, kitanda kimoja kipana, shampeni ya makaribisho. Hao watu wa hoteli wameona mwanamume wa miaka hamsini na msichana wa ishirini wenye majina tofauti, wakajua la kufanya. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wote walisikia. Nilimwambia yule karani kwamba anajua vizuri, kwetu kila mtoto anapewa jina lake.

"Dada, mimi najua. Mimi ni Habiyaremye, mzee wangu ni Rugamba. Lakini karatasi inasomwa na mzungu wa chumba cha ndani, na huyo yeye na baba yake na babu yake na mbwa wao wote wana jina moja. Lete cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Yakilingana, sitacheka tena."

Nilikwenda komini, ofisi ya mtaa wetu inayoandikisha vizazi. Kitabu cha mwaka 1970 kikafunguliwa. Jina langu lipo, la Mama lipo. Penye jina la baba kuna mstari mfupi wa wino.

Nilirudi nikamuuliza Mama. Hakunificha. "Alikuwa njiani Mombasa. Nikangoja arudi akuandikishe. Akarudi, akalala, akaondoka tena. Dereva wa lori humpeleki ofisini, kila meza anaiona ni mpaka wa nchi." Mwishoni mjomba ndiye aliyekwenda, na mjomba hakuruhusiwa kuandika jina lako.

Kwa hiyo kwenye karatasi wewe si baba yangu. Komini wamesema unaweza kwenda ofisi ya mji wenu ukatie saini kwamba mimi ni mwanao. Waraka ukifika, mstari utajazwa, na viza itafuata. Nimekaa na jambo hili wiki nzima na sijui ni lipi linaloniuma, kwamba hukwenda au kwamba sikuwahi kujua.

Utakwenda?

Mukunde

*

Lille
20 Desemba 1992

Mwanangu,

Nakusalimu kwa aibu. Miezi mitatu barua yako imekaa mfukoni mwa koti langu la kazi mpaka imechakaa. Natumaini wewe na Mama yako mko wazima, tunasikia mabaya ya huko redioni.

Mwanzoni niliandika barua nyingine. Nilikwambia uje kama mgeni wa kawaida, vyumba viwili, hata hoteli mbili, pasiwe na wa kuuliza. Nikaichana. Nilipopata kibali cha kukaa hapa, fomu iliuliza nina watoto wangapi. Niliandika sina. Mama Natacha alioana na mtu asiye na mtoto. Ningesaini, ningejulikana ni mwongo ofisini na nyumbani pia.

Nilimwambia tukiwa jikoni. Siku ya tatu akasema, "Kesho funga tai." Tukaenda wote. Waraka huu hapa ndani, una mhuri. Kabla sijatia saini karani alinipa maji.

Hoteli nimewapigia. Nilisema kwa sauti kubwa, baba na binti. Yule bibi akaomba radhi sana, ameandika vitanda viwili na kusogeza nafasi yetu hadi Pasaka.

Baba yako,
Kabera

*

Kigali
17 Januari 1993

Baba,

U mzima? Na Mama Natacha, na Natacha? Naandika majina yao polepole ili niyazoee. Hapa tunapumua.

Waraka ulifika Jumatatu. Nililia kabla ya kuusoma, nikaukunja, na kesho yake nikaupeleka komini nimevaa kitenge cha Mama. Karani wa komini aliuweka kando ya kitabu chake, kidole kimoja huku na kingine kule, akatazama muda mrefu.

"Huyu mtoto aliyetambuliwa hapa si wewe. Mtafute mwenyewe umpe karatasi yake."

Kwenye waraka umesema nilizaliwa tarehe kumi na moja Februari 1971. Baba, mwaka naona ulivyoupata, umechukua ile ishirini na moja niliyokuandikia Juni ukatoa. Lakini kumi na moja Februari imetoka wapi? Nimemuuliza Mama, hakuna chochote kwetu siku hiyo. Je, ni siku ya Natacha? Walikuuliza ghafla, na mdomo ukatoa tarehe unayoijua?

Sijakasirika. Au nimekasirika, na wakati huo huo nakuona na tai yako, maji mkononi, umetamka mbele ya mke wako na mhuri kwamba una binti, ukakosea binti. Nacheka, halafu nakaa kitandani. Mama ananiuliza nina nini.

Nilizaliwa Jumanne, tarehe tatu Novemba 1970, alfajiri. Mvua ilinyesha. Wewe ulikuwa Mombasa.

Rudi kwenye ile ofisi. Mwambie bibi wa hoteli atusubiri, Pasaka ni tarehe kumi na moja Aprili na bado tunaweza kuiwahi. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ndogo, nimeandika tarehe yangu kwa tarakimu na kwa maneno, kwa Kifaransa. Mpe karani mkononi. Usiisome kwa sauti, tafadhali, naogopa utasema ile nyingine.

Mwanao,
Mukunde