Kadi Mpya ya Picha na Mkwe Aliyeona Akanyamaza

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, mama yetu Bu Retnaningsih, nakuomba unisikilize kabla ya Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo familia ya kijana aitwaye Pandu inakuja nyumbani kwangu Klaten kumposa binti yangu Wening, nami nimekwisha kumwambia mke wangu kwamba nitawaomba waahirishe, ila sababu yake naona haya kuitamka mbele ya majirani.

Kazi yangu ni kuongoza sherehe za harusi. Nimeishika kwa miaka ishirini na sita, na nyumbani huhariri video za harusi hizo kwa kompyuta ya mezani, ambayo mwaka huu ilianza kuchoka, ikawa bwana harusi akiinama kuomba radhi magotini pa mama yake, picha inakwama, naye anabaki ameinama hapo muda wa mtu kumaliza sigara, basi nikaamua kuinunulia kadi mpya ya picha. Pandu, ambaye ni mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, aliniambia, akiniita baba kwa heshima, "Pak, ya feni mbili inatosha. Ila tupime kwanza nafasi ndani ya kasha." Nikamjibu, "Mas, kijana wangu, mimi nilikuwa nafungua redio wewe bado unanyonya." Nikaenda mjini Yogya peke yangu, nikachagua yenye feni tatu kwa sababu ilikuwa nzito mkononi na muuzaji alisema hiyo ndiyo ya wakubwa, na ilipogoma kuingia kwenye kasha nikakata kwa msumeno kizimba cha chuma kinachoshika diski humo ndani, nikaikandamiza mpaka ikalia ka!, nikakaza skrubu, feni zote tatu zikazunguka, taa za rangi zikawaka, nami nikawaita majirani wawili pamoja na Pandu waje kushuhudia.

"Tazameni," nikasema, "zamani nyuzi za kebaya, blauzi ya bibi harusi, zilikuwa ukungu mtupu. Sasa unaweza kuzihesabu!"

Pak Darsono, jirani yangu, akasema yeye anaona hata jasho la bibi harusi. Pandu akainama nyuma ya meza kuokota kijiko kilichoanguka, akakawia huko kidogo, akaibuka, akasema, "Naam, Pak. Picha imetulia." Kisha akaomba anifutie vumbi huko nyuma. Nikamwambia aache. Wiki iliyofuata akaomba tena, na mwezi uliofuata akaja na brashi yake mwenyewe, nikaudhika, nikamwambia mke wangu, kijana gani huyu anayekagua vumbi la wakwe hata hajaoa?

Miezi minne ikapita. Jumapili iliyopita mke wangu alisogeza meza apige deki, akaniita. "Pak, hivi vifuniko vya mpira ndivyo vinavyokaa hivi?" Nikainama. Matundu ya kadi mpya yalikuwa yamefunikwa kama yalivyotoka dukani, na waya wa skrini umechomekwa palepale pa zamani, juu, kwenye ubao mkuu wa kompyuta, maana yake kadi yangu imezungusha feni bure muda wote huo, na picha nilizozisifu ni zilezile za zamani. Mke wangu alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Bu, si kicheko kinachoniuma. Pandu aliona. Aliona, akanitazama usoni, akasema picha imetulia. Mtu wa namna hiyo ataniambia nini siku binti yangu akiwa mgonjwa huko kwake? Wening ananiuliza, "Bapak, unamkataa mtu kwa sababu ya waya?" Nami namjibu kwamba si waya, ni ukweli. Je, nakosea?

Sumarwoto, Klaten

*

Pak Sumarwoto,

Barua yako ni nzuri, ingawa kama ndivyo unavyozungumza harusini nawahurumia wapishi, maana chakula chao kinapoa. Pole kwanza. Kukosea tundu si aibu. Fundi wa studio yetu, Bu Yuliarti, anasema kila mwezi hukutana na kompyuta mbili tatu zenye kosa hilohilo. Waya haukunishangaza. Kilichonishangaza ni zile nyuzi za kebaya. Ulizihesabu ngapi, Pak? Na Pak Darsono, lile jasho analiona bado?

Sasa sikiliza. Unadai kijana alikudanganya. Ulitaka afanye nini, akusahihishe mbele ya majirani wako wawili? Wewe ungekuwa wa kwanza kusema hana adabu, na mimi ningekuunga mkono. Kwa hiyo akafanya kama tulivyolelewa sisi sote: akaomba kufuta vumbi. Mara tatu! Mara ya tatu alikuja na brashi mkononi. Alihitaji dakika moja tu nyuma ya meza, ahamishe waya, atoke, na wewe uendelee kujisifu kwa haki. Alikuja kukuokoa mara tatu, ukamfukuza mara tatu, kisha unauliza kwa nini hakusema.

Hata hivyo simpi Pandu ushindi wote. Adabu inayomwacha mzee miezi minne anasifu kitu kisichofanya kazi imepita kiasi, na hofu yako juu ya siku ya ugonjwa ni hofu ya mzazi, siichezei. Lakini kumbuka kwamba ukweli alikwisha kukuambia, waziwazi, siku ya kwanza: feni mbili zinatosha, tupime kasha. Ukamjibu kwa habari za kunyonya. Mtu akijibiwa hivyo mara moja hujifunza upesi kusema kwamba picha imetulia.

Basi fanya hivi. Zima kompyuta, chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani. Hakikisha kadi imepata waya wake wa umeme, na kwamba kisanduku cha umeme kina nguvu ya kutosha kwa hizo feni zako za kifahari. Toa vifuniko, chomeka waya wa skrini kwenye matundu ya kadi yenyewe, yale ya chini. Washa, uweke programu ya kadi hiyo kutoka kwa watengenezaji wake. Msumeno urudishe stoo.

Lakini usiyafanye peke yako. Mpigie Pandu leo, aje Alhamisi, na umwambie kwa kinywa chako, "Mas, nilichomeka pabaya, na wewe ulijua." Mwache yeye ashike waya, wewe ushike tochi. Kuahirisha posa sahau kabisa. Binti hawezi kulipishwa kosa la baba yake, na wageni wa Jumamosi hawawezi kurudishwa njiani kwa sababu umeona haya.

Mkimaliza, mwite Wening akae nanyi, ndipo umuulize kijana jambo moja: "Kuna kingine ulichokiona kwangu ukashindwa kuniambia?" Atatazama chini. Atasema hakuna, Pak. Muulize tena, kwa upole, na safari hii usimjazie maneno. Akianza kusema, hata kama yanakuchoma, usikohoe, usijitetee, usitoe mfano wa zamani zako. Nyamaza, Pak Sumarwoto, mpaka amalize.